Gauni Lililoshonwa kwa Mtu Asiyekuwepo

Jina lake halisi analijua mama yake na kitambulisho. Sisi wengine tunamwita Mikono Mitatu, na kabla hujaanza kuwaza mambo yako, tulia. Huyu fundi cherehani aliwahi kushona shati la sare ya shule, akaweka mkono wa kulia, akaweka wa kushoto, halafu akili ikaondoka. Iliporudi ikakuta mkono wa tatu uko shingoni, pale pa kola, na umeshonwa safi kabisa. Mwenye karakana, ambaye wote tunamwita Shangazi, akalishika lile shati juu watu walione. Imeisha hiyo. Jina likaganda.

Si mvivu. Ila mguu ukishakanyaga cherehani, mikono inajua njia, akili inajiona haina kazi, inavaa viatu inatoka. Na inaenda palepale kila siku: kwa mdogo wake, aliyehamia mbali kikazi miaka minne sasa. Mwanzo walipigiana kila jioni. Ikawa Jumapili. Ikawa sikukuu. Ukimya ulipofika miezi saba, Mikono Mitatu akaona aibu kuanza. Aanzie wapi? "Mambo"? Kwa mtu mliyegombania shuka moja utoto mzima?

Wiki iliyopita akaja nesi mmoja, mama mwenye mwili wake, kujaribu gauni lake. Likafika mabegani, likagoma.

"We fundi, hili umemshonea nani? Mpini wa fagio?"

Shangazi akalipima kwa utepe. Kiuno chembamba. Bega la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia. Mikono Mitatu akashika mdomo. Bega la mdogo wake lile! Daftari lenye vipimo vya nesi lilikuwa wazi mbele yake siku ile anakata, na hakuliangalia hata mara moja.

"Leo umemshonea mzimu!" Shangazi akafoka. "Hama hapo, nenda kwenye vifungo!"

Nesi akacheka. "Mwache, mama. Mtu akizubaa, ubongo haulali. Kazi ukishaizoea, zile sehemu zinazotuletea kumbukumbu na kutuwazisha watu wetu ndiyo zinachangamka, zinaanza kusemezana. Mimi nataka kujua tu, huko ukienda unamkuta nani?"

"Mdogo wangu."

"Na yeye anajua?"

Mikono Mitatu akavuta kopo la vifungo.

"Basi mwambie, mwanangu. Na Jumamosi nipime mimi, sio ukoo wako."

Nesi alipoondoka, Mikono Mitatu akalitundika gauni, akalipiga picha, akaituma kwa mdogo wake bila hata salamu. Vifungo vinne vya kwanza alichungulia simu mara tisa. Kwenye cha tano, ujumbe ukaingia.

"Dadaaa! Umekumbuka mpaka bega! Ila kiuno hicho ni cha miaka minne iliyopita. Siku hizi nikiingia humo sitoki."

Akacheka mpaka machozi, halafu kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Kumbe aliyekuwa anamtembelea kila siku ni yule aliyeondoka. Huyu wa sasa hata kiuno chake hakijui.

Akaandika: "Njoo nikupime."

Gauni bado linaning'inia juu ya cherehani yake. Kiunoni ameshalifumua.

Haya, na nyie msijifanye watakatifu. Akili yako ikitoroka kazini huwa inaenda kwa nani, na mikono ilishakuaibisha vipi? Tupeni visa vyenu hapo chini. Mwenye mkono wa nne aanze.