Baiskeli Iliyochaguliwa kwa Sikio

Sabato ya tarehe kumi na mbili Julai, mbele ya akina mama wa kanisa letu hapa Manga, nilitamka kwamba mwaka huu ningekwenda makambi, ile mikutano yetu ya ibada ya kila mwaka, kwa baiskeli yangu mwenyewe, na blanketi, sufuria na mkungu wa ndizi nyuma yangu. Makambi yalipangiwa Kenyenya, mwendo wa siku nzima kwa mtu mwenye mzigo. Kwa miaka sita tangu nifiwe, shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuwa akinikodia pikipiki ya kubeba vitu hivyo, kisha akisimama langoni na kuwatangazia waumini kwamba bila yeye mjane huyu angelala juu ya nyasi. Nilikuwa nimechoka kuwa tangazo.

Baiskeli yenyewe sikuwa nayo. Kuendesha nilijua, nilijifunza nikiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, mwaka ule ule nilipoanza masomo ya gumbaru, yale ya watu wazima, kwa kuwa darasa lilikuwa mbali na mwalimu hakumngoja mtu.

Jumanne, tarehe kumi na tano, nilishuka Birongo kununua baiskeli, mkungu wa ndizi kichwani. Baiskeli isiyo na mzigo haionyeshi tabia yake. Zote huwa pole. Watu wanne walinisimamisha njiani kuuliza bei, na wote nikawajibu kwamba ndizi hizo hazikuwa za kuuza, zilikuwa za mtihani. Wa nne aliniombea.

Fundi ninayemwamini Birongo ni mmoja tu, naye ndiye mume wa binti yangu. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Chinsoni, ile heshima yetu ya kuoneana haya kati ya mkwe na mama mkwe, haimruhusu kunitazama nikiinua mguu kupanda baiskeli, wala mimi kuuinua akitazama. Hatukulijadili jambo hilo. Alifunga mkungu kwenye keria ya baiskeli ya kwanza, akanikabidhi usukani, akageuka na kuukabili ukuta wa duka lake, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyechelewa.

Ya kwanza ilikuwa nyekundu, inang'aa, yenye springi mbele na nyuma. Niliipenda kabla sijaigusa. Nilizunguka uwanja mara moja.

"Hiyo inaruka kama mbuzi, Mama," aliuambia ukuta. "Na keria inasugua tairi."

Nilishuka, nikainama kutazama. Ilikuwa kweli. Nilimuuliza amejuaje.

"Sikio halina mkwe, Mama."

Ya pili ilikuwa ile nyeusi ya chuma kizito inayobeba mitungi ya maziwa, yenye bomba la juu lililonifika kiunoni. Nilishindana nalo kwa muda ambao sitauandika. Mkwe wangu alikohoa, akasema kwa upole kwamba hiyo ni imara kuliko daraja, lakini haina gia, na vilima vya kwenda Kenyenya havipandwi kwa uimara peke yake.

Ya tatu ilikuwa ya kijani kilichopauka, fremu ya chuma, bomba limeshuka chini, gia za kutosha, na breki za mpira ambazo vipuri vyake hupatikana katika soko lolote. Nilihesabu spoki za gurudumu la nyuma: thelathini na sita. Sura yake ilikuwa mbaya. Nilizunguka mara moja, haikutoa sauti. Nikazunguka mara ya pili, ya tatu.

"Mama, bado upo?"

"Nipo."

"Basi nunua hiyo."

Macho yangu yalikuwa bado kwenye ile nyekundu. Sijui aliyasikiaje nayo.

"Ile itakupendeza hadi Kisii mjini," alisema. "Ikivunjika pale, utampigia nani simu?"

Sote wawili tulimjua wa kupigiwa. Nilinunua ya kijani.

Jumapili, tarehe kumi na saba Agosti, niliondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, nikaingia Kenyenya saa kumi na dakika ishirini alasiri. Shemeji alikuwa langoni, na waumini wamemzunguka. Aliizunguka baiskeli akitafuta kasoro. Alipoikosa, aliuliza kwa sauti ya kusikika kama nilikuwa nimeendesha njia yote.

"Vilima viwili nimeisukuma, shemeji," nilimjibu. "Lakini mimi hakuna aliyenisukuma."

Akina mama walicheka. Waumini waliendelea kumtazama, wakingoja tangazo la kila mwaka. Alinishikia usukani ili nifungue kamba. Akanyoosha mkono kuchukua sufuria.

Sufuria niliibeba mwenyewe.