Msahihishaji wa Hadithi za Angani

Msahihishaji wetu alikuwa mwanamke asiyejua kutulia. Pale kwenye kampuni ya vitabu Minneapolis, Marekani, mwaka wa sabini na tano, mimi nilipanga herufi za kuchapia na yeye alipitia kurasa huku akizunguka meza, akisoma kwa mnong'ono, vidole vyeusi kwa penseli, kahawa ikimpolea. Akikuta koma mahali pasipo pake, aliguna kama aliyechomwa na mwiba. Alhamisi hiyo tulikuwa tunamalizia mkusanyiko wa hadithi za angani na za kichawi, zote zikiuliza mwanamke ni nani na mwanamume ni nani, naye hakukaa hata mara moja.

Bwana Lindquist, mwenye kampuni, akaingia na hadithi ya mwisho: nahodha wa chombo cha angani, mwanamke, anampenda fundi wake, mwanamke mwenzake. "Hawa wawili wafanye mabinamu, dada," alisema. "Maneno matatu tu, la sivyo maduka yatatususia." Msahihishaji alishika penseli, akaiweka, akaenda dirishani, akarudi. "Bosi, miaka kumi na moja nawaambieni naishi na binamu yangu. Sina binamu mimi. Na huyu wa hadithini sitamwandika." Nikaacha kupanga herufi. Bwana Lindquist, uso umemwiva, akanikabidhi kurasa bila kunitazama. "Zipange zilivyo," akasema. Msahihishaji akavaa koti, akafunga vifungo vikipishana. "Leo natoka mapema," aliniambia. "Kuna mwanamke nyumbani lazima nimweleze niliyoyasema hapa."