Shangazi Aliyewekwa Katikati

Kazi yangu ni kupima nguvu zinazopita kwenye bolti za ndege. Karakana yetu hapa Lubumbashi hutengeneza ndege ndogo, na kabla fundi hajafunga kiraka cha bati kwenye bawa, mimi hukaa mbele ya kompyuta nikitafuta kila bolti itabeba mzigo gani. Spana naishika mara chache, tena vibaya. Ukimweleza mtu hayo kule mtaani Kamalondo anatikisa kichwa kwa heshima, kisha anakuomba umkazie gurudumu.

Siku tuliyokwenda kujitambulisha ukweni, mjomba wangu ndiye aliyekuwa msemaji. Desturi ni hiyo: mwenye kuoa anakaa kimya kama gunia la mahindi, wakubwa wanasema. Shangazi mkubwa wa mchumba wangu, ambaye bila ndiyo yake hakuna ndoa katika ukoo ule, akauliza kijana anafanya kazi gani. Mjomba akajibu kwa fahari kwamba nakaza bolti.

Ningenyamaza, mambo yangekwisha. Lakini kazi yangu ikidharauliwa, hasira hunipanda kichwani haraka kuliko pombe. Nikasimama. Mjomba akanivuta shati, nami nikalivuta kutoka mikononi mwake.

Niliomba vitenge viwili. Nikavitandaza ili ncha ya kimoja ilalie ncha ya kingine, na pale vilipopandana nikawapanga mashangazi watano mstari mmoja kutoka kushoto hadi kulia, kila mmoja akibana vyote viwili kwa vidole. Wao ndio bolti. Mjomba akashika kitenge kimoja upande wa kushoto, kaka wa mchumba akashika cha pili upande wa kulia. Shangazi mkubwa nilimweka katikati kwa heshima zote, maana kwetu mkubwa hawekwi pembeni karibu na mlango.

Wakavuta. Mashangazi wa pembeni, huku na huku, wakaanza kulalamika kwamba kucha zinang'oka. Nilifurahi kupita kiasi. Nikatangaza kwamba hiyo ndiyo siri yenyewe: mzigo haugawanyiki sawa, bolti za mwisho ndizo zinazoumia, na ile ya katikati imekaa tu, haibebi kitu cha maana.

Mjomba alifumba macho, na hapo ndipo nami nikasikia nilichosema.

"Kumbe mimi sibebake kitu?" shangazi mkubwa akauliza taratibu. "Batoto bote ba hii nyumba, nani alibabeba ku mugongo?"

Nikajitetea kwamba nilikuwa nasema bolti. Akanijibu kwamba bolti ni yeye, nimemwita hivyo mwenyewe mbele ya watu. Ama kweli, mdomo huponza kichwa. Niliogopa sana. Nilimpenda msichana yule, na sasa nilikuwa nampoteza kwa sababu ya elimu ya mabati.

Shangazi akamsogeza mdogo wake kwa kiuno, akachukua nafasi ya mwisho, akaamuru wavute tena, safari hii kama wanaume. Mjomba huwaogopa wanawake wakubwa, kwa hiyo alivuta kwa moyo wote. Vidole vya shangazi havikuachia hata kidogo. Kilichoachia ni kitenge: kilichanika kuanzia pale alipobana, na mjomba akarudi kinyumenyume mpaka kwenye kreti za bia tulizoleta, akakaa juu yake, kisha akakaa chini yake.

Hilo pia tunalipima kwenye ndege: bolti ikishinda, bati linapasuka. Nilikuwa na akili ya kutolisema.

Shangazi aliangalia kipande kilichobaki mkononi, akaviangalia vidole vyake, akaanza kucheka mpaka ikabidi aletewe kiti. Alikiri mbele ya wote kwamba pembeni kunauma kweli, kwa hiyo kijana si mwongo. Kisha akafuta machozi, akatoa hukumu.

"Mutoto tutamupatia. Lakini ndeke yenye huyu alipima, mutoto wetu asipande."

Mjomba, akiwa bado sakafuni kati ya chupa, akakubali sharti hilo kwa niaba ya ukoo wetu wote, bila kuniuliza.