Jicho la Fundi Cherehani

Fundi alikuwa na wivu, na mwenyewe alijua. Tangu mdogo wake, waliyemwita Kisura, atangaze mimba katika chumba chao cha kushonea, Fundi alimkodolea macho kutwa. Mimba zake mwenyewe zilitoka mbili, na ndoa nayo ikavunjika. Basi alijua lini Kisura alikataa chai, na lini alianza kushika kiuno kwa madaha, utadhani tumbo lipo!

Asubuhi moja Kisura alirudi kutoka chooni amenywea. Ameona damu.

"Mimba changa ndivyo zilivyo, mwanangu," alisema mama mkwe wake, aliyekuja kuchukua gauni. "Nenda kalale."

Fundi akainamia cherehani. Moyo wake ulifurahi, Mungu amsamehe. Mara akamwona Kisura anajishika bega, na furaha ikakatika. Zake mbili zilipotoka, bega halikumuuma hata kidogo.

"Inuka. Hospitali, sasa hivi."

"Damu hii ina sababu nyingi," daktari aliwaambia. "Huenda mimba inatishia kutoka, huenda ni kidonda kwenye shingo ya kizazi, huenda imetunga nje ya kizazi. Mara ya mwisho uliona lini siku zako?"

Kisura hakukumbuka. Mumewe, aliyefika akihema, akatazama viatu vyake.

"Wiki ya harusi ya jirani," alidakia Fundi. "Aliniomba pedi."

"Na maumivu?"

"Upande wa kulia. Tangu juzi anakalia tako moja. Leo bega linamuuma, na aliposimama aliyumba."

Daktari akaweka kalamu chini. Picha ya tumbo ilionyesha kizazi kitupu na damu imejaa tumboni; ndiyo iliyoliumiza bega. Mimba ilikuwa kwenye mrija wa uzazi, na mrija umepasuka. Kisura akakimbizwa kupasuliwa.

"Unampenda sana mdogo wako," daktari alimwambia Fundi baadaye. "Angelala nyumbani, tungempoteza."

Fundi akauliza wodi iko wapi. Angesema alikuwa anampeleleza?

Jioni akaruhusiwa kuingia wodini. Njia nzima alijiambia kwamba sasa wako sawa, wivu umekwisha. Kisura alikuwa hai, amesinzia. Mumewe alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, analia kwa kwikwi huku ameushika mkono wa mkewe.

Zile mimba mbili za Fundi hazikuliliwa na mtu. Alisimama mlangoni na mfuko wa nguo safi, akayaonea wivu hata yale machozi.