Homoni ya Ujana kwenye Chumba cha Pasi

Hivi wewe, ukichoka, unamdanganya nani?

Dobi alimdanganya mkewe. Miaka ishirini na sita alikuwa akipiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni, sitini kila siku, lakini tangu mwaka jana mkono wa kulia ulianza kumgomea. Akifika shuka la arobaini, pasi inageuka jiwe. Maumivu aliyavumilia. Alichoogopa ni kuambiwa akapumzike, maana nje ya chumba kile chenye mvuke hakujua angekuwa nani.

Ndipo akanunua vidonge vya DHEA. Kibandiko kilieleza kwamba hiyo ni homoni ambayo mwili huitengeneza wenyewe, hupungua umri unaposonga, na ukiirudisha umeurudisha ujana. Maneno matamu hayo! Akawa anavimeza kisirisiri nyuma ya kamba ya mashati.

Mwezi wa tatu wa kumeza, mkewe akaifumania chupa kwenye mfuko wa aproni.

“Baba watoto, hii nini? Unataka kuoa?”

“Nguvu tu, mama. Za kazi.”

“Umezipata?”

Dobi akajikuna kichwa. “Kuna siku najisikia mwepesi.”

“Hata mimi kuna siku najisikia mwepesi, na sijameza kitu!”

Hakumpa nafasi ya kubisha. Mchana huohuo walikuwa mbele ya mfamasia wa kituo cha afya, mwanamke ambaye makoti yake meupe yalifuliwa na dobi huyuhuyu. Akaigeuzageuza chupa.

“Mzee wangu, ukiletewa dawa mpya ya madoa unafanyaje?”

“Naijaribu kwenye madoa ya upindo, kwa ndani. Hapa dawa, hapa maji matupu. Yakitoka sawa, dawa naitupa.”

“Basi na hii imejaribiwa hivyohivyo. Wazee nusu wakapewa homoni, nusu kidonge kitupu, na hakuna aliyejua kameza kipi. Majaribio mengi hayakuona tofauti ya nguvu. Halafu si peremende hii, inaweza kuvuruga homoni nyingine. Iache, na huo mkono uonwe na daktari.”

Dobi akainama. Yeye, aliyewahi kumfukuza mchuuzi wa sabuni kwa kukosa ushahidi! Lakini nani wa kumcheka? Wauza ujana wa chupa ndio wa kulaaniwa: walimkuta mtu anaogopa, wakamuuzia woga wake mwenyewe.

Njiani akautua mzigo. “Mama, mashuka ishirini ya mwisho siyawezi tena.”

Mkewe akautazama ule mkono wa kulia, kisha akaongeza mwendo. Usiku ule dobi alilala akijua kazi imekwisha.

Asubuhi iliyofuata alifungua mlango wa chumba cha pasi, akamkuta mkewe amesimama mezani, pasi mkononi, kilemba kimelowa jasho. Mkunjo wa shuka ulikwenda upande kama mlevi.

“Usithubutu kucheka,” akasema bila kuinua macho. “Arobaini yako, ishirini yangu. Na saa nne tunakwenda kwa daktari. Haya, shika ncha hiyo tukunje.”