Madoa ya Majani Chai

Jumamosi nilikwenda spa moja mjini Kericho kufutiwa makunyanzi ya uso. Aliyenitangulia kwenye kiti alikuwa mama wa makamo, ameletwa na bintiye anayeolewa wiki ijayo. Mhudumu aliinua mkono wa yule mama, akautazama chini ya taa. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi, zimepasukapasuka, kama za kila mtu aliyechuma majani chai miaka mingi.

"Usijali, mama," mhudumu akasema, akiuvuta karibu mtambo wake wa miale. "Hii mashine itatoa hizi madoa zote."

Yule mama aliposikia neno mashine, aliurudisha mkono, akakunja ngumi juu ya goti.

"Mashine gani tena?" aliuliza. "Ile ya kuchuma ilikuja kwa shamba, sisi wote tukaambiwa twende nyumbani. Kazi imechukua. Sasa inataka na vidole?"

"Lakini mum, picha za harusi!" binti akanong'ona.

"Na wakiniuliza nilikusomesha na nini, nitawaonyesha nini?"

Binti akaishika ile ngumi, akaifungua kidole kimoja kimoja, akamwambia mhudumu ampake mamake mafuta tu.

Zamu yangu ilipofika, niliulizwa tuanze na kunyanzi lipi. Nikajitazama kwenye kioo muda mrefu, nikitafuta lile ambalo sikulitolea jasho.