Kopo la Maziwa Nililomwekea Dada

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko huu na kwa maneno nitakayoyakosea. Nilisoma mpaka darasa la saba tu, na hata huko mwalimu alikuwa ananisubiri mezani huku wenzangu wameshatoka kucheza, kwa sababu kalamu yangu inakwenda polepole. Herufi nyingine nitakuwa nimezisahau, nyingine nimezirudia. Haya nimeyaandika kwa siku kumi na moja. Kuongea mbele ya watu siwezi, nikianza tu midomo inakauka, kwa hiyo ni afadhali niandike hata kama vibaya.

Tulirudi Juba mwaka wa uhuru wa Sudan Kusini, mimi na Mama, tukitoka Kitale nilikozaliwa. Dada yangu alibaki. Kabla hatujaondoka, watawa wa shule moja ya bweni walikuja kanisani kuchagua watoto wa wakimbizi wa kuwasomesha. Mama alitupigia pasi wote wawili. Nilisimama kwenye foleni nyuma ya dada, nikiwa na shati jeupe la kuazima, na zamu yangu ilipofika mtawa mwenye orodha aliniangalia kwa upole akasema mwaka huu wanachukua wasichana peke yao. Nikatoka kwenye foleni. Shati lile nililivua njiani, nikafika nyumbani kifua wazi, na Mama hakuliona hilo kwa sababu alikuwa anamkumbatia dada. Dada alipata sanduku la bati, godoro na sare mbili. Mimi nikapata safari ya Juba.

Tulipanga chumba cha mabati mtaa wa Sherikat, karibu na daraja. Mama alipata kazi ya kufua na kusafisha mtaa wa Thongpiny, kwenye kampaundi moja ya wageni wa misaada. Wale watu walikuwa na utaratibu wao. Mwisho wa mwezi mtunza stoo alipita kwenye rafu akisoma tarehe, na chakula chochote kilichobakiza muda mfupi alikitoa nje, wafanyakazi wakapanga foleni kila mtu na mfuko wake. Ndiyo maana nyumba yetu, ambayo wakati mwingine haikuwa na unga, ilikuwa na samaki wa kopo, jamu, biskuti za chumvi na maziwa mazito yale matamu ya kopo.

Mama hakujua kusoma, hata namba. Simu yake ilikuwa inakaa kwangu ili nimtafutie watu. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya kanisa nilivuta boksi kutoka chini ya kitanda, nikageuza kopo moja moja, nikamsomea tarehe, naye akayapanga. Yaliyokaribia mwisho aliyaweka mbele. Yaliyo mbali, nyuma. Kazi hiyo niliipenda sana. Dada alinizidi kwa kila kitu, kwa shule, kwa urefu, kwa kuongea, lakini hakuwepo kumsomea Mama tarehe. Hapo nilikuwa mimi tu.

Ubaya ni kwamba ya mbele tulikula sisi, na ya nyuma yalikuwa ya dada akija likizo.

Hebu fikirini. Mimi ndiye niliyejua siku ya kufa ya kila kopo, na mimi ndiye niliyekula yaliyokuwa yanakufa. Mara nyingine boksi lilijaa tukachelewa, na siku ya kulifikia kopo tarehe ilikuwa imepita wiki moja au mbili. Mama alisema tutalichemsha vizuri. Nilikula huku nahesabu. Nilibonyeza mfuniko kuona kama umevimba, nilinusa, niliweka ulimi kidogo nikangoja. Baada ya chakula nilikaa kimya nikisikiliza tumbo langu, na likinguruma kidogo tu nilijua kesho watu watakuwa wananiimbia kanisani. Mama alidhani mimi ni mwoga. Lakini kilichonikaa rohoni hakikuwa woga peke yake. Kila kijiko kilinikumbusha kwamba huko nyuma ya boksi kuna samaki wazima wa dada, wanaongoja, hawana haraka.

Jirani yetu, mama mmoja wa Uganda aliyekuwa anapika chapati mlangoni kwake, alinikuta siku moja nimeshika kopo la samaki juani nasoma chini yake.

"Wewe iko daktari ya kopo?" akaniuliza.

Nikamwambia tarehe imepita juzi. Akanyoosha mkono nimpe yeye.

"Leta hapa. Tumbo yangu hajui kusoma."

Akala na chapati zake mbili, akajipiga tumboni, na wateja wakacheka. Tangu siku hiyo wote waliniita daktari. Mimi niliingia ndani nikajifunika uso.

Novemba ya mwaka wa tatu Mama alishikwa na taifodi. Aliumwa vibaya. Mimi ndiye niliyemchemshia maji, niliyemkorogea uji, niliyemshika bega mpaka chooni. Wiki mbili sikutoka nje. Siku homa ilipomwachia, alifungua macho akaniita karibu, na mimi nikainama nikidhani ananishukuru. Akaniuliza dada anafunga shule lini. Halafu akasema, "Yale maziwa yake bado yapo? Usiyaguse."

Kulikuwa na makopo mawili ya maziwa mazito, yote ya karatasi ya bluu. Dada aliyapenda tangu mdogo, alikuwa analamba kijiko mpaka kinang'aa. Kopo moja lilikuwa limepita tangu Oktoba, lilijificha nyuma ya jamu sikuliona. La pili lilikuwa bado kabisa, mpaka Juni ya mwaka uliofuata. Jumapili iliyofuata nilivuta boksi kama kawaida. Mama alikuwa amelala ubavu ananiangalia. Nilishika lililopita Oktoba, nikasema, "Hili mpaka mwezi wa sita." Nikashika lile zima, nikasema, "Hili limepita juzi."

Niliyasema bila kukwama. Mimi ambaye siwezi kuomba chumvi dukani.

Mama akasema basi nile mimi hilo lililopita, yeye tumbo lake bado bovu na daktari wa zahanati amemkataza kula chochote kilicholala. Nililila wiki nzima kwa mkate, polepole, na nililifurahia. Sitaki kuwadanganya na ninyi. Kwa mara ya kwanza nilikula kitu cha nyuma ya boksi. Na lile la Oktoba nilimwekea dada.

Alifika Ijumaa moja ya Desemba kwa basi la kutoka Nimule mpakani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amerefuka tena. Alimsalimia jirani kwa Kiganda alichojifunza kwa wenzake shuleni, jirani akapiga vigelegele. Akamshika Mama uso kwa mikono miwili akamwambia amekonda, na Mama akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Kitale. Mimi alinipiga kofi la mgongoni akaniuliza, "Vipi, mzee wa nyumba?" Nikajibu salama nikachukua sanduku lake.

Mpango wa Mama ulikuwa maziwa yale yanywewe Krismasi. Siku zote Mama alifungulia makopo jikoni, nje, akamletea dada chakula kwenye sahani, kwa hiyo dada hakuwa na sababu ya kuliona kopo lenyewe. Nilitegemea hivyo.

Lakini vita vilianza Jumapili ile ile. Hatukujua ni nini, tulisikia tu milio mikubwa kutoka upande wa kambi za jeshi, na kufika Jumatatu hakuna mtu aliyefungua mlango. Tulilala chini, godoro tumeliegemeza ukutani. Jiko lilikuwa nje, hatukuthubutu kulifuata. Maji yalikuwa jerikeni moja. Tulikula biskuti za chumvi na samaki. Jirani alikuwa anagonga bati la ukuta mara moja moja, na sisi tunamgongea, ili tujue wote tupo.

Jumatano asubuhi biskuti ziliisha. Mama akasema kalas, basi tena, Krismasi haitatungoja, akavuta kopo la bluu akampa dada mkononi, humo humo chumbani, mbele yangu, pamoja na kisu.

Dada alilishika. Aliligeuza. Nilimwona akiangalia chini yake. Niliangalia mlango. Halafu akatoboa matundu mawili, akanywa mara moja, akatulia, akanywa tena. Akasema tamu, lakini afadhali mengine tuyaweke mpaka mchana, tusimalize yote kwa mara moja. Mama alimsifu kwa kujizuia. Mimi nikajiambia kumbe hakusoma, chumba kina giza. Nilikaa kwenye kona nikimwangalia kuanzia asubuhi hiyo mpaka jua likawa juu ya bati. Nilikuwa nangoja nini, sijui. Akiumwa, pa kumpeleka hakuna. Hilo nililijua, na bado sikusema.

Mchana dada alichukua kikombe, akamimina maziwa, akayachanganya na maji kidogo, akampa Mama. Mama siku zote alikuwa anasema vitu vya nyuma ya boksi si vyake. Siku hiyo alikuwa dhaifu, akapokea. Kikombe kilikuwa kinapanda. Tumbo lile la taifodi nililihudumia mimi. Nililijua kuliko langu.

"Mama, usinywe," nikasema. "Yamepita. Yamepita tangu mwezi wa kumi."

Mama akashusha kikombe. Hakunielewa. Akasema mbona nilimsomea mwezi wa sita. Nikasema nilimdanganya, nilibadilisha, lile zuri nililila mimi. Niliyasema kwa haraka, macho chini. Nje mlio mmoja ukapiga, karibu, tukainamisha vichwa wote watatu, tukangoja, tukainua.

Dada ndiye aliyeongea kwanza. Hakuongea na mimi.

"Kunywa tu, Mama. Tarehe niliiona asubuhi. Ndiyo sababu nilianza mimi, nione tumbo langu litasemaje."

Mama aliangalia kikombe, akamwangalia dada, akaniangalia mimi muda mrefu. Heri angenipiga. Alikunywa nusu. Nusu iliyobaki alininyooshea.

"Na wewe pia," akasema.

Nikanywa. Yalikuwa matamu kama yale mengine, sikuona tofauti yoyote. Hakuna aliyeumwa. Lakini siku ile yote, milio ya bunduki nje, mimi nilikuwa namwonea dada wivu mkubwa kuliko ule wa foleni ya watawa. Foleni ile ilikuwa bahati. Hii ilikuwa yeye mwenyewe. Kila nilichokifanya kwa ubaya yeye alikuwa ameshakiona, akakinywa, akanyamaza, na hata kosa langu likamfanya yeye apendeze zaidi. Usiku alijaribu kunishika mkono. Niliuvuta.

Milio ilipopungua, wageni wa kampaundi walipanda ndege, na mtunza stoo akawafungulia wafanyakazi waliobaki. Mama alirudi na jirani wakiwa na maboksi kichwani, mengi kuliko miezi yote. Tuliyarundika mpaka dirishani. Nikakaa chini nikavuta la kwanza, nikageuza kopo, nikafungua mdomo kusoma.

Mama akalichukua mkononi mwangu, taratibu, bila kukasirika, akampa dada. Akamwambia, "Nifundishe mimi."

Wiki tatu dada alimfundisha namba. Walitumia mkaa juu ya bati, na vifuniko, na mgongo wa boksi. Mama alikwama kwenye tano siku mbili, hakuweza kuitofautisha na namba mbili, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Jirani akaja naye kujifunza, akisema tumbo lake limechoka ujinga, kabla hajapata lori la kurudi kwao. Mimi nilikuwa nachota maji. Hakuna aliyenifukuza. Dada aliniambia nikae tumfundishe pamoja, nikasema nina kazi.

Januari dada alirudi shule. Kabla hajapanda gari aliniambia hakumwambia mtu yeyote habari ya kopo, wala hatasema. Nilimjibu asante. Ilinichoma, ile asante.

Sasa Jumapili baada ya kanisa Mama anavuta boksi mwenyewe. Anavaa kitambaa safi kichwani kama mtu anayekwenda kwa mkubwa, anageuza kopo, analisogeza mbali, analisogeza karibu, na kidole chake kinapita juu ya namba moja moja. Anachukua muda kuliko mimi. Siku nyingine anakosea, mimi namwona kabisa amekosea mwezi, na sina ujasiri wa kumsahihisha, kwa sababu nitasema nini ili aniamini. Kwa hiyo baadaye, akitoka, nayageuza tena peke yangu, na lililopita nalibeba kimya kimya mpaka shimo la taka. Samaki wazuri nimewatupa pia nikiwa na mashaka. Hanisemi kwamba yanapungua. Labda anajua.

Ninaowaandikia, naomba mnijibu. Kama kuna mtu aliyekula kopo lililopita tarehe, aniambie lilikuwa la nini, limepita kwa muda gani, na alijisikiaje kesho yake, maana hapa kila mtu ananiambia lake. Na kama kuna mtu aliyemwonea wivu ndugu yake wa tumbo moja, ambaye hakumkosea kitu, aniandikie alifanyaje mpaka ukapungua. Andikeni kwa herufi kubwa kidogo. Nasoma polepole, lakini nitasoma zote, na nitajibu.